Sifa ya Kwanza ni Makalio

Siku mliyoniaga nikistaafu, kijana mmoja wa kitengo chenu aliniuliza mbele ya keki kwamba mtu anahitaji sifa gani ili awe mchunguzi wa vifo. Nilikuwa na keki mdomoni, nikajibu kwa kutikisa kichwa, naye akaandika kitu kwenye simu yake. Sijui aliandika nini. Ninaandika haya ili akifute.

Vitabuni jibu ni fupi. Mwenye kutamka kisheria kwamba fulani kafa kwa sababu hii au ile ni korona, na kwetu huku korona alikuwa hakimu. Siku hizi ukitaja korona watu wanatafuta barakoa, lakini jina hilo tulikuwa nalo kabla ya ugonjwa. Polisi anakusanya maelezo, daktari anaukagua mwili, hakimu anawasikiliza wote kisha anaamua. Sasa chukua mpango huo mzuri uupeleke Biharamulo na Ngara miaka ya vijiji vya ujamaa, ambako daktari alikuwa mmoja na walio hai walimpangia foleni tangu alfajiri. Marehemu hawapangi foleni, kwa hiyo tukaachiwa sisi matabibu.

Mimi ni Msubi wa Nyamigogo, binti wa nyumba ya Kiislamu iliyolima muhogo na mahindi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo cha matabibu, nikarudi Biharamulo na cheti changu nikiamini nitatibu malaria hadi uzee. Wiki yangu ya kwanza hospitalini daktari alituita matabibu wapya chumba cha maiti akatuonyesha kazi. Mwenzangu mmoja alitoka nje kutapika, mwingine alikaa chini bila kupenda, mimi nikabaki nimesimama wima mpaka mwisho. Daktari akasema huyu dada ana moyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeegemea mlango, na mwenzangu aliyetoka alikuwa ameufunga kwa nje. Ningeanguka ningeanguka na mlango. Lakini jina langu likawa limeshaandikwa, na tangu siku hiyo kila kifo chenye utata kilikuja kwangu. Hiyo ndiyo sifa iliyoniingiza kazini, na nadhani kijana yule hawezi kuiandikia barua ya maombi.

Vifaa vyangu vilienea kwenye mkoba mmoja wa turubai. Glavu tulizichemsha, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda, tukazivaa tena, na zilipotoboka tuliziziba. Nilikuwa na futi ya fundi cherehani, kioo cha kukuzia, mkasi, visu viwili, chupa za vioo na kanga mbili. Kanga zilikuwa za kumsitiri marehemu, nazo nilizinunua mwenyewe kwa kuwa serikali haikuona umuhimu. Mtu aliyelala amefunikwa kanga safi, ndugu zake wanakuruhusu mengi ambayo wasingekuruhusu kwa cheti chochote.

Mwalimu wangu hakuwa daktari wala hakimu. Alikuwa Sajini Masanja, Msukuma mnene wa kituo cha polisi, mwenye sauti ya chini na kigoda cha miguu mitatu alichokibeba kila tulikokwenda. Aliniita mayu, yaani mama, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa. Mara ya kwanza tulipotoka pamoja, kijiji kimoja cha huko huko kwetu, nilishuka garini na glavu mkononi, nikawasalimu wazee shikamoo ya haraka, nikauliza mwili uko wapi. Mzee mmoja alinitazama akasema hapa hajafa mtu. Nyumba imejaa waombolezaji, wanawake wanalia ndani, na mimi naambiwa hajafa mtu.

Sajini akanivuta mkono taratibu, tukarudi mpaka njia panda, tukaanza safari upya. Tulipofika mara ya pili tukapiga hodi, tukasalimia mmoja mmoja, tukaketi. Yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Tukanyamaza. Walileta kibuyu cha pombe, yeye akanywa, mimi wakaniletea mutobe, ile juisi ya ndizi ambayo haijachacha, baada ya kueleza kwamba dini yangu hainiruhusu zaidi ya hapo. Tukanyamaza tena mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Ndipo yule yule mzee akakohoa akasema, sasa wageni, tumepata msiba.

Njiani kurudi Sajini alinipa somo ambalo chuoni halikuwepo.

"Sifa ya kwanza ya kazi hii ni makalio, mayu," alisema. "Kama huwezi kukaa, hutajua kitu. Mengine yote utafundishwa."

La pili alilonifundisha ni kutouliza nani kaua. Ukiuliza nani, kila mtu ana jibu, na kila jibu ni jirani yake. Uliza alikula nini, alilala wapi, alilala na nani. Nimefanya kazi na watu wenye shahada za kutundika ukuta mzima, na maswali hayo matatu bado sijaona yanayoyazidi.

Ilipokuja vita ya Kagera nilikuwa nimehamishiwa Ngara, na Sajini naye kahamishiwa huko huko, kwa hiyo tukaendelea kutembea pamoja. Mapigano yalikuwa mbali nasi, upande wa kaskazini, lakini magari yote mazuri yalikwenda mbele na vijana wengi wakayafuata. Sisi tuliobaki tulitembea kwa miguu na kusikiliza redio. Usiku ilikuwa marufuku mwanga kuonekana nje, kwa hofu ya ndege. Wanamgambo walipita vijijini wakikagua, na balozi wa nyumba kumi aliyeacha kijimwanga kikatokeza alisemwa mkutanoni. Mabalozi wetu waliichukulia amri hiyo kwa uzito mkubwa, wengine kupita kiasi.

Asubuhi moja mjumbe alikuja mbio kituoni kutoka Murusagamba. Mzee Ntahondi kakutwa amekufa kitandani, kapewa sumu na mwanamke mkimbizi, na kijiji kinataka kumfukuza mwanamke huyo na watoto wake kabla jua halijazama. Sajini alichukua kigoda, mimi nikachukua mkoba. Tulipanda lori la maharage lililotuacha njiani, tukapita Keza kwa miguu, tukafika Murusagamba vumbi limetujaa hadi masikioni.

Mwanamke huyo aliitwa Pelajia. Alikuja kutoka Burundi na wanawe katika wimbi la wakimbizi, mume alimpoteza huko, na kijiji kilimpa kiwanja mwishoni kabisa mwa safu ya nyumba mpya. Mzee Ntahondi alikuwa amemsaidia kuezeka. Kwa shukrani, Pelajia alipika rubisi, pombe ya ndizi, na jioni kabla ya kifo akampelekea mzee kibuyu kidogo nyumbani kwake. Hapo ndipo palipomponza. Huku kwetu mwenye kuleta pombe ndiye anayeionja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa mrija. Ni adabu, tena ni bima. Lakini jioni ile mzee alikuwa peke yake, kwa kuwa mkewe, Bibi Anastazia, alikwenda kulala kwa binti yao aliyejifungua. Kwa hiyo hapakuwa na hata mtu mmoja wa kusema nilimwona Pelajia akionja. Alikuja, akaondoka, na asubuhi mzee hakuamka.

Tulimkuta Pelajia ameketishwa chini nje ya ofisi ya kijiji, watoto wamemzunguka, vyombo vyake vimeshafungwa kwenye mkeka tayari kwa safari. Nyumbani kwake mtungi wa rubisi uliobaki ulikuwa unalindwa na wanamgambo wawili wenye silaha, mmoja wao akiunusa kwa huzuni. Nilichuchumaa nikamsalimu Pelajia. Alinijibu bila kuinua macho, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani.

"Nirionja, dada. Mbere yake nirionja. Nani ataniamini?"

Nilimwambia asubiri, na nilijisikia vibaya sana kusema neno hilo kwa mtu ambaye vyombo vyake vimeshafungwa.

Aliyeongoza mashtaka alikuwa balozi wa nyumba zile, Bwana Filbert, rika la marehemu na rafiki yake tangu wakichunga mbuzi. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Alitaka nipasue mwili, nitoe sumu, niiweke kwenye chupa aione. Sajini akamjibu kwamba kwanza tunaomba kuketi. Balozi akasema watu wanangoja. Sajini akasema basi wataketi pia, akaweka kigoda chini kwenye ua wa marehemu, na mtu mnene akishaketi namna ile ni vigumu kumsimamisha.

Tuliketi. Nilipoona imetosha niliomba ruhusa ya mwili. Nyuma ya nyumba, migombani, tulizungushia mikeka, nikamlaza mzee juu ya kanga moja na kumfunika kwa nyingine. Sikuona jeraha, sikuona povu, tumbo halikuwa na dalili niliyoitegemea. Kilichonishangaza ni rangi yake. Fizi, ndani ya midomo, chini ya kucha, vyote vilikuwa vyekundu vya kupendeza, kama vya mtu aliyetoka kushinda mbio. Marehemu huwa anapauka. Huyu alionekana na afya kuliko mimi. Nilikumbuka kwamba chuoni mwalimu aliwahi kutaja rangi ya namna hiyo, lakini alitaja wakati wa karibu na chakula cha mchana, na sikuweza kukumbuka aliihusisha na nini.

Nikarudi kwenye mkeka na maswali matatu. Alikula nini? Viazi na maharage, vilivyopikwa na mkewe kabla hajaondoka. Alilala wapi? Kitandani kwake, chumba cha ndani. Alilala na nani? Hapo watu wote walijibu kwa pamoja, peke yake. Nikauliza tena kwa upole, hakuna mwingine yeyote aliyelala ndani ya nyumba ile? Balozi akakasirika, akasema mzee alikuwa mtu wa heshima.

Sikuwa na swali la nne. Ikabidi nitumie sifa ya kwanza, nikaendelea kukaa, katikati ya wanawake, karibu na Bibi Anastazia. Alikuwa analia kwa maneno kama wanavyolia wanawake wa huku, akimhesabia mumewe alichomwacha nacho na alichoondoka nacho. Kaniachia jembe, kaniachia shamba lenye magugu. Wajukuu kawaacha hawajamjua. Hata kuku wangu, Ntahondi, hata kuku wangu umeondoka nao. Wenzake wakaitikia. Mimi nikaacha kuitikia.

Nilingoja apumue, nikamuuliza taratibu kuku wamefanyaje. Akanishangaa. Wamekufa, mwanangu, wote, kwenye tenga lao pale karibu na kitanda. Wametupwa kule mwisho wa migomba asubuhi. Watu waliona ni sehemu ya balaa lile lile, au hawakuona kitu kabisa, maana nani anahesabu kuku kwenye waliolala?

"Bibi," nikamuuliza, "kuku walikunywa pombe ya Pelajia?"

Bibi Anastazia akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani," alisema. "Kuku wangefikaje?"

Niliinuka nikaingia ndani, Sajini nyuma yangu. Ni nyumba ya bati, ya kwenye mstari ulionyooka, kama zilivyojengwa watu walipohamishiwa kijijini. Mzee Ntahondi alikuwa ameishi miaka yote kwenye msonge wa nyasi, moto katikati, na moshi ukipenya nyasi wenyewe bila kumwomba mtu njia. Mwili wake ulizoea kulala na joto. Huku kwenye bati palikuwa na baridi, na kuwasha moto nje jioni ilikuwa marufuku kwa ajili ya vita. Chini ya kitanda nikakuta kigae kikubwa cha chungu kimejaa majivu. Mzee alikuwa ameingiza makaa ya moto, yasiyo na moshi wala mwanga, akalala nayo. Nikatazama juu. Upenyo kati ya ukuta na bati ulikuwa umezibwa wote kwa majani ya migomba na udongo mbichi. Dirisha lilikuwa limepigiliwa gunia. Hata tundu la ufunguo lilikuwa na tambara. Ndipo mwalimu wangu wa chuo akanirudia kichwani na sentensi yake ya kabla ya chakula: hewa ya makaa, isiyonuka, inayowaacha watu wekundu.

Nilitoka nikawaeleza. Mimi mwenyewe ningekuwa mwanakijiji nisingeniamini. Hewa isiyoonekana, isiyonuka, inayotoka kwenye makaa ambayo kila mtu kapikia tangu azaliwe. Balozi alisema dada tabibu kafika na kitabu, na kitabu hakimjui Pelajia. Nikamwambia basi tusiulize kitabu, tuulize kuku. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona sicheki.

Hakuna aliyetaka kutoa kuku wake. Mwishowe balozi akaleta jogoo lake mwenyewe, jogoo kubwa la kujivunia, ili, alivyosema, nitoke pale na aibu yangu. Tukalitia kwenye tenga, tukaliweka lilipokuwa tenga la kwanza. Tukajaza kigae makaa, tukasukuma chini ya kitanda, tukafunga mlango, tambara likarudi kwenye tundu. Tukaketi wote nje. Jogoo likawika mara kadhaa, na kila lilipowika balozi alinitazama. Kisha likapunguza, kisha likanyamaza. Tukaendelea kungoja mpaka Sajini, ambaye alipenda kuku wakiwa katika hali zote, akasema inatosha.

Nilifungua mlango nikiwa nimebana pumzi, nikatoka na tenga mbio. Jogoo lilikuwa limelaza shingo, upanga wa kichwani mwekundu kuliko ulivyoingia. Tuliliweka chini penye upepo. Baada ya muda likafungua jicho moja. Likasimama, likayumba kulia, likayumba kushoto, likakanyaga mguu wake lenyewe na kukaa kitako. Mzee mmoja akasema limelewa, na hata halijaonja. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mpaka mbele, pale pale msibani, na Bibi Anastazia mwenyewe akafunika mdomo kwa kitenge. Jogoo halikupenda. Lilipopata nguvu lilimdonoa Sajini kidole, na huo ukawa ushahidi kwamba limepona.

Aliyekuwa hacheki ni balozi. Alikuwa anatazama udongo ule wa juu ya ukuta, ambao alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana. Zilikuwa zake. Ndiye aliyepita juzi yake akamzibia rafiki yake nyumba, kwa kuwa kimwanga kilitokeza na hakutaka mzee asemwe mkutanoni. Alimfanyia wema. Akaanza kuinama akiushika ukuta, na Sajini, ambaye sijapata kumwona akimpa mtu kigoda chake, akakisogeza chini yake kabla hajaanguka. Nilimwambia balozi nilichokiamini na ninachokiamini hadi leo, kwamba hewa ile hakuna aliyeijua pale, wala yeye, wala mzee, na mimi mwenyewe niliikumbuka kwa tabu. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba na mti wenye ncha akitoboa chini ya mapaa yote, akiweka kila tundu kijipaa cha jani la mgomba ili mwanga usionekane. Miezi kadhaa baadaye nilipita tena huko nikakuta bado anakagua, safari hii anatia mkono kuona kama hewa inapita.

Uamuzi wa korona ulikuja baada ya muda, kwa lugha ya mahakama, ukasema yale yale kwa maneno mengi zaidi. Hakimu aliniuliza nina sifa gani za kutoa ushahidi wa namna ile. Nikataja chuo changu, na Sajini aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. Lakini kesi ile, vijana wangu, haikuishia mahakamani. Iliisha jioni ile ile Murusagamba, baada ya mazishi.

Watu walikuwa wamemfungulia Pelajia vyombo vyake, lakini hakuna aliyemkaribia. Kujua kwa kichwa kwamba mtu hana hatia ni jambo moja, na kuketi naye ni jambo jingine. Ningeondoka wakati ule, angebaki kijijini kwa karatasi tu. Alielewa hivyo kuliko mimi. Akaenda akawaambia wanamgambo wampe mtungi wake, akauleta mwenyewe mpaka ua wa marehemu, akautua katikati ya watu. Akachovya mrija. Aliinua uso ili kila mtu aone, akanywa kwanza, akameza. Kisha akashika mrija mbele yake, akingoja mtu aupokee.

Hakuna aliyesogea. Mimi pombe siinywi, na sijawahi kuichukia dini yangu isipokuwa dakika ile.

Bibi Anastazia aliinuka kwenye mkeka wa msiba, mahali ambapo mjane hatakiwi kuinuka bila kuinuliwa. Akavuka ua polepole, akaketi chini bega kwa bega na Pelajia. Akapokea mrija ule ule bila kuufuta, akanywa, akanywa tena, akaipima ladha mdomoni kwa muda.

"Imechacha mapema," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa balozi. "Unaifunika vibaya. Kesho nitakuja kwako nikuonyeshe."